Muda wa Walio Nyuma

Kinampanda hakuna uwanja wa gofu. Kuna chuo cha ualimu, kuna mashamba ya alizeti na mtama, na kuna njia ya kwenda Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba. Anayetaka kuuona mchezo huo kutoka hapa atashika basi la Singida mjini, kisha Babati, kisha Arusha. Hata hivyo gofu imenikaa kichwani kwa muda mrefu, kwa sababu ya jambo moja ambalo wachezaji wake hulibishania kila wikendi: mwendo. Nani anakwenda polepole, anamchelewesha nani, na nani mwenye haki ya kumwambia.

Aliyeizoea gofu ya kwenye runinga huenda asione ukubwa wa ugomvi huu, maana kamera humfuata anayepiga na kumwacha anayesubiri. Uwanjani mambo ni mengine. Uwanja kamili una mashimo 18, na wachezaji hutoka kwa makundi ya watu watatu au wanne, kundi moja likiondoka dakika 8, 10 au zaidi kidogo baada ya jingine. Mpira wa gofu ni mdogo na mgumu, na huruka kwa kasi ya kuvunja fuvu la mtu, kwa hiyo kundi la nyuma haliruhusiwi kupiga mpaka la mbele liwe limetoka kwenye hatari. La mbele likisimama, la nyuma yake linasimama, na la nyuma ya hilo, mpaka wale ambao bado wako klabuni wanafunga kamba za viatu. Mtu mmoja anayejishauri shimo la 4 anaweza kuwasimamisha watu 40 asiowaona na ambao hawajui jina lake.

Tupige hesabu. Watu wanne wa kiwango cha kawaida, kila mmoja akimaliza kwa mikwaju 90, wamepiga mikwaju 360. Kila mkwaju ukiongezewa sekunde 10 tu, muda wa kuvua glavu na kuivaa tena, saa nzima imekwenda. Ukiongezewa 20, zimekwenda saa mbili. Mzunguko ambao ungekwisha kwa saa nne unakula saa sita, na katika saa hizo sita hakuna aliyelala, hakuna aliyekaa kitako, hakuna anayejiona ana kosa. Ndiyo sababu mchezaji wa polepole karibu kila mara hukana, na hukana kwa moyo safi: kwa macho yake mwenyewe alitumia sekunde chache tu. Muda wa mtu mmoja hauonekani mpaka ujumlishwe na wa wenzake, na kazi ya kujumlisha huifanya aliye nyuma.

Mengi ya haya nimeyajua kwa kijana wa jirani, niliyemfundisha shule ya msingi hapa hapa, ambaye sasa ni kedi, yaani mbeba mifuko ya wachezaji, katika klabu moja ya mjini. Hurudi nyumbani Krismasi. Mwaka mmoja nilimwomba anieleze ugomvi huu wa mwendo unatokana na nini, akasimama uani, akachukua fimbo ya kuchungia na limau moja, akachimba kishimo kwa kisigino. Kisha akaniigizia mteja wake mmoja kwenye grini, yaani pale penye nyasi fupi kabisa kulizunguka shimo.

Anachuchumaa nyuma ya limau, jicho moja amelifumba. Anainuka, anazunguka mpaka ng'ambo ya shimo, anachuchumaa tena. Anarudi. Anavua glavu, anaikunja, anaichomeka mfuko wa nyuma wa suruali. Anaipunga fimbo hewani mara mbili, mara tatu. Anasogea, anasimama juu ya limau, kimya. Halafu anaondoka: ameona jani kavu. Analiokota, analitupa kando, anaanza upya tangu kuchuchumaa. "Na muda wote huo, mwalimu, mimi nimeshika bendera, mfuko uko begani, na natakiwa kuangalia hata kivuli changu kisiguse njia ya mpira." Nyuma yao, alisema, kundi jingine limesimama juani katikati ya njia ya nyasi, wameshika viuno. Na nyuma ya hao lipo jingine.

Nikamuuliza kwa nini hamwambii. Akanitazama kama mtu anayeshangaa kwamba mwalimu wake hajui jibu. "Mwalimu, si ndiye anayenilipa?"

Jibu hilo limenikaa kuliko kanuni zote nilizosoma baadaye. Makedi wengi wa Afrika Mashariki hulipwa kwa mzunguko. Hawalipwi kwa saa. Kedi aliyeanza saa 1 asubuhi na mzunguko ukaisha saa 5, ana nafasi ya kunywa chai, kupumzika, na kujipanga kwa wachezaji wa mchana. Akimaliza saa 7, wenzake wameshagawana mifuko ya mchana na yeye anarudi nyumbani na malipo ya mzunguko mmoja. Miguu imetembea uwanja ule ule, mfuko una uzito ule ule, jua ni lile lile, lakini nusu ya riziki ya siku imeliwa na sekunde zisizo na mwenyewe. Wachezaji wanaongea juu ya muda wao waliopotezewa, na wana haki. Kedi hajaulizwa.

Kuna jambo la jua pia, ambalo waliotuletea mchezo huu hawakulazimika kulifikiria. Gofu ilikulia Uskoti, na kule St Andrews mwezi wa Juni jua huzama karibu saa 4 usiku. Mtu wa kule akiingia uwanjani saa 9 alasiri ana muda wa kutosha, hata mbele yake wakiwepo wazembe wawili. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, mwaka mzima, na likishazama giza halikawii. Kundi la mwisho lililotoka saa 8 mchana linahitaji uwanja mzima kwenda vizuri ili limalize mashimo yake kukiwa na mwanga. Kila dakika inayopotea asubuhi au mchana humwangukia mtu fulani jioni, naye hupapasa majani akitafuta mpira mweupe katika wakati ambao hata ng'ombe wameshaingia zizini. Kwetu huku mwendo wa gofu ni suala la nuru, na nuru ya siku haikopesheki.

Sisi wa Iramba tunaijua vizuri hali ya kuwa nyuma ya kitu kizito. Barabara kuu ya kwenda Nzega na Mwanza huteremka mlima Sekenke kabla ya Shelui, na malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam na mizigo ya Mwanza, Rwanda, Burundi na Kongo hupita hapo hapo. Lori lililobeba kontena, likiwa mlimani, huenda mwendo wa mtu anayetembea. Nyuma yake kuna basi lenye abiria, nyuma ya basi kuna gari dogo lenye mgonjwa. Dereva wa lori hana aibu ya kwenda polepole, kwani mzigo ni mzigo. Lakini dereva muungwana anajua kwamba yeye peke yake ndiye anayeona mbele ya kona. Njia ikiwa nyeupe huwasha indiketa ya kushoto: pita. Kukiwa na gari linakuja huwasha ya kulia: ngoja. Wa nyuma hawezi kujipitisha kwa akili yake mwenyewe bila kuhatarisha roho za watu, anategemea kabisa hisani ya yule aliyemzuia. Na nimeona mara nyingi basi likishapita hupiga honi fupi ya kushukuru, na mkono wa dereva wa lori ukatoka dirishani.

Adabu ya zamani ya gofu ni hiyo hiyo, neno kwa neno. Kundi linalokwenda polepole, likiona mbele yake pako wazi na nyuma yake kuna watu wamesimama, hukaa kando na kuwapungia mkono wapite. Haliombi radhi, wala halijadhalilika. Wenye mwendo wanapita, wanasema ahsante, mchezo unaendelea. Wenye kujua hufanya hivyo hasa kwenye mashimo mafupi, yale ya mikwaju 3, kwa sababu ndipo panapojaa. Shimo refu hubeba makundi mawili kwa wakati mmoja, moja likiwa njiani na jingine kwenye grini. Shimo fupi hubeba moja tu, kwa hiyo kila kundi linalofika hulikuta jingine likisubiri. Kundi la mbele likishapiga mipira yake ikatua, likasogea pembeni na kuwaachia wa nyuma wapige wakati wenyewe wanatembea kuelekea grini, foleni huyeyuka bila mtu kukimbia.

Neno kukimbia nalitaja kwa makusudi, maana wapo wanaodhani kudai mwendo ni kudai haraka. Sivyo. Kanuni za gofu zilizoanza kutumika mwaka 2019, zinazotungwa na R&A ya St Andrews pamoja na USGA ya Marekani, hazimwambii mtu akimbie. Zinashauri kwamba zamu yako ikifika na hakuna kinachokuzuia, mkwaju usizidi sekunde 40. Muda wa kutafuta mpira uliopotea ulikuwa dakika 5, sasa ni 3. Bendera siku hizi inaweza kubaki shimoni mtu anapopiga akiwa kwenye grini. Na katika mchezo wa kuhesabu mikwaju, wachezaji wanahimizwa aliye tayari apige, badala ya kumngoja aliye mbali zaidi na shimo kama desturi ilivyokuwa. Sekunde 40 ni nyingi. Zihesabu kwa kimya uone. Mtu aliyetembea kuelekea mpira wake huku akiwaza, akachagua fimbo wakati mwenzake anapiga, akaacha mfuko wake upande wa kutokea badala ya upande wa kuingilia, hatazimaliza sekunde hizo hata nusu. Muda mwingi unaopotea hupotea kabla ya zamu na baada yake: soga, kadi kuandikwa pale pale kwenye grini, kurudi nyuma kufuata fimbo iliyosahauliwa.

Kwa hiyo simlaumu anayejifunza. Anayepiga mikwaju 110 anaweza kumaliza mapema kuliko bingwa wa mikwaju 75, kama mguu wake hauzubai. Wala simlaumu mzee ambaye magoti yamechoka. Wote hao wana haki ya uwanja sawa na kijana mwenye nguvu, na mwenye haraka nyuma yao anatakiwa kuwa na staha. Kumpigia mtu mpira karibu na miguu ili ashtuke na kuondoka ni ukatili, na ni hatari.

Ninaowalaumu ni wanaojua. Mwaka 2018, kwenye uwanja wa Torrey Pines huko California, mchezaji wa kulipwa J.B. Holmes alitumia zaidi ya dakika nne kuamua mkwaju mmoja wa shimo la mwisho, huku mwenzake Alex Noren, aliyekuwa anawania ubingwa, akiwa amesimama hapo. Mwaka uliofuata Bryson DeChambeau alitumia zaidi ya dakika mbili akipima mkwaju mfupi wa kwenye grini, akaukosa. Hakuna kati yao aliyeongezewa mkwaju kwa hilo. Katika mashindano ya kawaida ya PGA Tour, ziara kuu, yaani msururu wa mashindano, ya wanaume ya Marekani, tangu mwaka 1995 mpaka 2017 haikutolewa hata adhabu moja ya mkwaju kwa uzembe wa mwendo. Miaka 22. Lakini Aprili 2013, kwenye Masters, mashindano yasiyomo katika hesabu hiyo, adhabu ilitolewa, na aliyeipata alikuwa Guan Tianlang wa China, mtoto wa miaka 14, asiyelipwa, aliyekuwa anacheza kati ya wanaume wazima. Naye alivunja kanuni, na aliikubali adhabu bila kelele. Ila mimi nikiwa mwalimu najiuliza darasa gani hilo ambamo wakubwa wanapiga kelele kwa miaka 22 na fimbo inamshukia mdogo kuliko wote.

Kwamba inawezekana kufanya vingine kulithibitishwa mwaka 2018 nchini Austria. Ziara ya Ulaya iliandaa mashindano ambamo kila mchezaji alifuatwa na saa: sekunde 50 kwa wa kwanza kupiga katika kundi, 40 kwa wanaomfuata, na mkwaju mmoja wa adhabu kwa anayezidisha. Mabingwa wale wale wanaosema mchezo hauwezi kuharakishwa walicheza, mzunguko ukapungua kwa nusu saa hivi, na adhabu zilizotolewa wiki nzima zilikuwa chache za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mikko Korhonen wa Finland alishinda. Mwaka 2025 ziara ya wanawake ya Marekani, LPGA, iliweka ngazi za wazi: kuzidisha sekunde 1 hadi 5 ni faini ya fedha, 6 hadi 15 ni mkwaju mmoja, 16 na kuendelea ni miwili. Ngazi hizo zinapendeza kwa sababu hazimtazami mtu usoni.

Kwetu kumtazama mtu usoni ndiko kunakotuponza. Viwanja vya gofu vya Afrika Mashariki vilianzishwa na wakoloni kwa ajili yao. Klabu ya Nairobi, ile iliyopewa baadaye jina la Royal, ni ya mwaka 1906, na Entebbe walikuwa na uwanja kabla ya hapo. Kwa miongo mingi Mwafrika aliingia uwanjani akiwa amebeba mfuko wa mtu, na hakuwa na njia nyingine. Kutoka kwa wabeba mifuko hao, waliokuwa wakijifunza kwa macho na kwa fimbo chakavu, ndipo wametoka wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa, Kenya, Uganda na hapa Tanzania. Leo klabu ziko mikononi mwetu. Jeshi la Wananchi lina uwanja wake Lugalo, na mabinti na vijana wetu wanachukua vikombe nje ya nchi. Lakini lile zoea la kwamba mkubwa hakimbizwi tumelirithi zima zima, tukalichanganya na heshima zetu za kweli kwa umri na cheo, na sasa tunashindwa kuvitenganisha. Mheshimiwa akizubaa shimo la 7, makundi manne yatasimama nyuma yake kwa adabu, kila mtu akiangalia nyasi. Anayeweza kuona tatizo kuliko wote ni kedi, ndiye aliyegeuka nyuma na kuwaona wanaosubiri, na ndiye asiyeweza kufungua mdomo.

Si kosa la wachezaji peke yao, na hapa klabu zisijifiche. Uongozi unaopanga makundi yatoke kila baada ya dakika 6 au 7 ili uingize watu wengi siku ya mashindano umeshatengeneza foleni kabla mpira wa kwanza haujapigwa, hata kama wote ni wepesi kama swala. Nyasi ndefu zikiachwa pembeni mwa njia kwa sababu mashine ya kukatia imeharibika, kila kundi litazama humo kutafuta mipira. Msimamizi wa mwendo akiwepo kwenye ratiba na asiwepo uwanjani, kanuni zimebaki karatasi.

Kwa hiyo naziomba klabu za gofu za Tanzania jambo moja linalotekelezeka. Kadi ya mchezaji iandikwe saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na mzunguko ukizidi saa nne na nusu, kedi alipwe nyongeza kwa kila nusu saa inayozidi, na alipe yule aliyebebewa mfuko. Kama uwanja wenyewe ulifungwa kwa mvua au kwa uzembe wa ratiba, ilipe klabu. Na kedi apewe ruhusa ya maandishi ya kusema maneno mawili, "Tuwapishe, mzee," bila kuhofia kazi yake. Wachezaji wanaoguswa na haya wasisubiri mkutano mkuu wa mwaka. Wanaweza kuanza Jumamosi hii, kwa kumuuliza kedi wao asubuhi kabla ya kupiga mkwaju wa kwanza: mchana una mfuko mwingine?